New Dawn linachanua mara kwa mara kweli, au tumepigwa?

#1 MtiMkavu
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nina waridi la kutambaa, New Dawn, liko ukutani mwaka wa tatu sasa. Kila unaposoma habari zake utaambiwa ni la kuchanua mara kwa mara: linatoa mkupuo mkubwa wa kwanza, halafu linaendelea kutoa maua mpaka msimu uishe. La kwangu mkupuo wa kwanza linatoa, tena wa haja, ukuta hauonekani. Baada ya hapo ni majani. Mazuri, yanang'aa, hayana ugonjwa, lakini ni majani tu, na matawi mapya yanapaa utadhani yanagombania anga.

Maji napiga, mbolea natia. Kwa hiyo nadai hivi: sifa ya New Dawn kurudia kuchanua imetiwa chumvi na wauza miche. Anayepinga alete hoja.

#2 Samadi_Mbichi
Hujasema kama maua yaliyokauka unayakata au unayaacha. Hujasema linapata jua kiasi gani. Hujasema mbolea gani. Unataka tupige ramli?

#3 BibiMiiba
Mleta mada, kabla hujalitukana hilo waridi ujue unamtukana nani. Hataza ya mimea (haki ya kisheria ya mvumbuzi) namba 1 ya Marekani, ile ya kwanza kabisa, ilitolewa mwaka 1931 kwa New Dawn. Na hoja iliyolipatia hataza ndiyo hiyo hiyo unayoiita chumvi, kwamba linaendelea kuchanua.

#4 Ngwamba
@BibiMiiba hapo umechanganya. Hataza ya kwanza ilikuwa ya Peace, lile la njano lenye pindo la waridi.

#5 BibiMiiba
@Ngwamba hapana mwanangu. Peace ni kazi ya Meilland wa Ufaransa, na jina hilo lilizinduliwa Marekani Aprili 1945, vita vikielekea kuisha Ulaya. Sheria ya hataza za mimea ilipita mwaka 1930, na Agosti 1931 Henry Bosenberg akapewa namba 1 kwa New Dawn. Hiyo ni miaka kumi na kitu kabla ya Peace kusikika.

Tena New Dawn halikuzaliwa kwa mbegu. Kulikuwa na waridi la kutambaa linaitwa Dr. W. Van Fleet, la mwaka 1910, linalochanua mara moja tu kwa msimu. Mche mmoja wa Van Fleet ukageuka wenyewe, ukawa unarudia kuchanua. Vikakatwa vipande, vikapandwa, tabia ikabaki. Ndilo New Dawn.

#6 Tumba
Sasa si jibu hilo hapo juu limekaa uchi? Kama New Dawn lilitokana na Van Fleet kwa kugeuka tu, basi la MtiMkavu limegeuka tena, limerudi kwa bibi yake. Maua ya hayo mawili huwezi kuyatofautisha kwa macho, rangi ile ile, umbo lile lile. Tofauti yake Van Fleet lina nguvu zaidi za kupaa na linachanua mara moja. Msome tena mleta mada: "matawi mapya yanapaa". Mimi nimemaliza.

#7 Mpogoaji
@Tumba hujamaliza, umeanza. Kurudi nyuma kupo, wakulima wa mawaridi wanakutana nako. Ila watu wanakimbilia maelezo ya kusisimua kabla ya yale ya bure. Tuanze na ya bure.

Waridi likishachavushwa, kile kinundu cha kijani chini ya ua kinaanza kuvimba, ndilo tunda. Likishakuwa na matunda, mmea unaona kazi yake imekwisha, nguvu zinakwenda kwenye mbegu, na macho yaliyo chini ya ua, yaani pale tawi linapochipulia, yanachelewa kuamka. Kwa mawaridi yanayorudia, ukikata ua mara linapoanza kudondosha petali, jicho la chini yake linachipua na unapata ua jipya baada ya wiki 6 hadi 8 hivi, kutegemea joto.

Wapi pa kukata, hapo tunagombana kila mwaka. Angalia tawi lililotoa ua: jani la kwanza chini ya ua mara nyingi lina vijani vitatu, ukishuka unakuta lenye vitano. Wakongwe wanasema shuka mpaka lenye vitano, kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Mimi kwa la kutambaa lenye vichala kama New Dawn naondoa kichala kizima na kuliacha tawi na majani yake. Majani ndiyo jiko.

#8 MtiMkavu
Asanteni. Majibu kwa wote:

Maua makavu sikati, liko juu, na miiba yake si ya mchezo. Matunda yapo, madogo, mengi. Jua linapata tangu asubuhi mpaka kwenye saa tano hivi, baadaye kivuli cha mti wa jirani kinaingia. Mbolea ni ile ya chumvichumvi ninayotia kwenye nyasi, nikipita nalo nalipa kidogo.

#9 Samadi_Mbichi
Kesi imefungwa. Mbolea ya nyasi ni naitrojeni tupu. Umeomba majani, umepewa majani.

#10 Ngwamba
Haijafungwa hata kidogo. Kuanzia alfajiri mpaka saa tano ni kama saa tano za jua, na jua lenyewe la asubuhi ni jepesi. Waridi linataka sita kwenda juu. Mwanga ukiwa haba, tawi linaanza vizuri, tumba linajiunda likiwa dogo sana, halafu linakufa kabla hujaliona. Ukienda kwenye ncha ya tawi unakuta halina kitu, limeishia kwenye jani. Matawi pofu hayo. Baridi nayo inaleta hali hiyo. @MtiMkavu panda ngazi, angalia ncha.

#11 KambaNaMsumari
Nimesoma posti kumi na hakuna aliyeuliza swali la kwanza la waridi la kutambaa: umelifungaje?

Mmesikia wenyewe, matawi yananyooka kwenda juu. Tawi likisimama wima, ncha yake inateremsha homoni inayoyalaza macho yote ya chini. Unapata ua kileleni na mita tatu za fimbo. Lilaze tawi hilo hilo, lifunge karibu na usawa wa ardhi au kwa mshazari, na karibu kila jicho linatoa kitawi kifupi chenye ua. Na usilikate wakati unalilaza. Tawi changa linapindika kirahisi, likishakomaa litakuvunjikia mkononi.

Naitrojeni mnaisingizia.

#12 Kipepeo77
Nimeweka kambi hapa. Mleta mada picha tafadhali.

#13 Ndevu_za_Mahindi
Kuna jambo mnaliruka. Miche mingi ya dukani imebebeshwa: juu waridi unalolitaka, chini mizizi ya waridi jingine lenye nguvu. La chini likitoa maotea yake na ukayaacha, yanalimeza la juu. Mashina mengi ya kubebeshea yanachanua mara moja kwa msimu. Nenda kwenye kinundu cha shina pale chini, palipobebeshewa, ukiona tawi limetokea chini ya kinundu, ling'oe, usilikate. Kulitambua ni rahisi: otea lina vijani saba kwa kila jani, waridi halisi lina vitano.

#14 BibiMiiba
@Ndevu_za_Mahindi habari ya kinundu nakubali. Habari ya saba na tano itawafanya watu wang'oe mawaridi yao wenyewe. New Dawn lina damu ya waridi la mwituni la Asia Mashariki, na mawaridi ya ukoo huo kuwa na vijani saba ni kawaida kabisa. Hata hayo ya kisasa ya kichaka hutoa saba yakijisikia.

Angalia ua. Dr. Huey, shina linalotumika sana kubebeshea, linatoa maua mekundu ya kukolea na nyuzi za njano katikati. Mleta mada amesema ukuta unajaa maua na hakulalamika kuhusu rangi. Kama shina lake ni multiflora, waridi jingine la kubebeshea, maua yake ni madogo meupe ya vichala. Na ukitaka kumfahamu multiflora hata bila ua, tazama pale jani linapoungana na tawi: vile vipande viwili vidogo vilivyoshikana na kikonyo vina ndevu, vimechanika chanika ukingoni. Ukitumia miwani utaziona.

#15 MtiMkavu
Maua yote ni ya waridi hafifu. Hakuna jekundu wala jeupe dogo.

#16 Ndevu_za_Mahindi
Basi langu limekufa. Naenda kupumzika.

#17 SeliMoja
Naongeza kidogo kuhusu hoja ya @Tumba, maana Mpogoaji kaipitia juu juu.

Mawaridi mengi ya mwituni yana jeni inayofanya kazi ya breki. Msimu unapoanza breki iko chini, matawi yanatoa maua. Baadaye inapanda, na matawi yote yanayofuata yanakuwa ya majani. Kwenye mawaridi ya China breki hiyo imeharibika: kipande cha DNA kinachorukaruka kiliingia ndani ya jeni na kuizima, kwa hiyo kila tawi jipya linaishia na ua. Jeni yenyewe inaitwa KSN, utafiti ulichapishwa mwaka 2012.

Utamu uko hapa. Old Blush, waridi la China la kichaka linalochanua bila kupumzika, lina ndugu yake wa kutambaa aliyetokea kwa kugeuka. Huyo wa kutambaa sehemu kubwa ya kile kipande imetoka, breki ikafufuka, akaanza kupaa na kuacha kurudia maua. Kwa hiyo kupaa sana na kutorudia kuchanua vinaweza kwenda pamoja kwa sababu moja. Sisemi ndicho kilichotokea kwa mleta mada. Nasema kicheko cha Mpogoaji kisubiri.

#18 Ngwamba
Kwa hiyo kila waridi linalorudia duniani limetoka China. Safi.

#19 SeliMoja
Sikusema hivyo. Mengi ya bustani za leo, ndiyo. Yale ya China yalianza kuingia Ulaya kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 18. Old Blush lilifika Uingereza likiitwa Parsons' Pink. Lakini kabla ya hapo Ulaya ilikuwa na waridi la Dameski la vuli, Quatre Saisons, lililokuwa linarudia kidogo. Na rugosa wa pwani za Asia Mashariki anachanua kwa miezi bila kumwomba mtu damu.

#20 BibiMiiba
Tena hayo mawili, Old Blush na la Dameski, yalikutana kwenye kisiwa cha Réunion, enzi hizo kinaitwa Bourbon. Watu walikuwa wanayapanda kama ua wa kuzungushia mashamba, yakazaana yenyewe. Mawaridi ya Bourbon yametoka huko. Bahari yetu hii hii ya Hindi, ila ukiwasikia watu utafikiri kila waridi limezaliwa London.

#21 Tumba
@SeliMoja asante, nimelala vizuri leo.

#22 Zulia_la_Majani
Mimi nawavurugia nyote. Nina New Dawn lililoegemea banda. Linapata jua pungufu ya la mleta mada. Sijalifunga popote, limejilaza lenyewe juu ya paa. Mbolea halijui, maua makavu sikati, nani apande juu ya paa? Linarudia. Si kwa mafuriko, kichala hapa, kichala pale, mpaka mwisho wa msimu. Sasa nitafutieni sababu.

#23 KambaNaMsumari
@Zulia_la_Majani "limejilaza lenyewe juu ya paa". Umeandika mwenyewe.

#24 Samadi_Mbichi
"Mbolea halijui". Umeandika mwenyewe pia.

#25 Zulia_la_Majani
Hahaha, kumbe nimewapa wote silaha.

#26 Mpogoaji
Ila zingatieni alichosema: kichala hapa, kichala pale. Naona hapo ndipo tatizo la mleta mada lilipo, matarajio. New Dawn siyo Iceberg. Iceberg la Kordes, la mwaka 1958, ni kichaka cha kwenda kiuno au kifua, linatoa mkupuo juu ya mkupuo, katikati hupati muda wa kulisahau. New Dawn mkupuo wa kwanza unakula karibu kila kitu, yanayofuata ni ya kuhesabu. Ukilisimamia vizuri yanakuwa mengi kiasi, lakini ule ukuta wa mwanzo hauji mara mbili. Wauza miche wanayatia yote kwenye kapu moja kwa sababu kibandiko ni kidogo.

#27 MtiMkavu
@Mpogoaji mimi hata hicho kichala kimoja sikipati mkuu. Sidai mafuriko.

#28 Jirani_wa_Nne
Maji je? Ametaja maji na wote mmempita. Mkupuo mkubwa unaukausha mmea. Kwa la ukutani ni balaa zaidi, ukuta unakinga mvua na wenyewe unanyonya unyevu. Udongo wa chini ya ukuta unaweza kuwa vumbi wakati bustani nzima imelowa. Chimba na kidole, usiangalie juu juu. Likipata kiu baada ya kuchanua linakaa kimya linangoja.

#29 Ngwamba
Linakaa kimya wakati matawi yanapaa? Mmea wenye kiu haupai.

#30 Jirani_wa_Nne
Hoja. Lakini chimba.

#31 MzeeGallica
Nyie mnapigania maua ya pili kana kwamba la kwanza halitoshi. Waridi linalochanua mara moja linakupa kila lilichonacho. Unalingoja mwaka mzima, wiki chache hulali. Hayo yanayorudia yanagawa nguvu, unazoea, mwisho unapita bila kugeuka. Constance Spry, la kwanza kutolewa na David Austin, 1961, linachanua mara moja tu, na sijaona lolote kati ya yaliyofuata linalolifikia likiwa kileleni.

#32 Kipepeo77
@MzeeGallica miezi iliyobaki unaangalia nini, miiba?

#33 MzeeGallica
Naangalia matunda. Nyie mnayakata.

#34 BibiMiiba
Mzee ana lake, ila hajawahi kulitazama New Dawn la mwisho wa msimu. Tumba linakuja limekolea kuliko unavyotarajia, limechongoka. Likifunguka, petali za katikati zina waridi kidogo kama upande wa ndani wa kombe, za nje zimeshapauka. Siku mbili tatu baadaye limekuwa karibu jeupe. Kwa hiyo kichala kimoja kina rangi tatu kwa wakati mmoja, na kwa sababu viko vichache unakiona kila kimoja. Kwenye mkupuo wa kwanza unaona ukuta, huoni ua. Harufu yake ni nyepesi, lazima usogee.

#35 Tumba
Bibi hapo umemnyamazisha mzee.

#36 MzeeGallica
Nanyamazishwa na wengi. Bado nasema harufu nyepesi ni udhaifu.

#37 MtiMkavu
Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilipanda ngazi. @Ngwamba ncha nyingi kweli ni tupu, kwenye chache kuna kitu kidogo kilichokauka, pengine ndilo hilo tumba lako. Matunda nimeyatoa yote niliyoyafikia. Mbolea ya nyasi nimeacha. Matawi mawili marefu nimeyalaza na kuyafunga kwenye waya. Na jirani amepunguza mti wake, mwanga unaingia mpaka alasiri.

Kwenye moja ya yale matawi yaliyolazwa kuna vitawi vifupi vimetoka, na viwili vina matumba.

#38 KambaNaMsumari
Kwenye tawi lililolazwa. Naomba isomwe tena kwa sauti.

#39 Ngwamba
Kwenye tawi lililopata mwanga mpaka alasiri. Nami naomba isomwe kwa sauti.

#40 Samadi_Mbichi
Tangu aache mbolea ya nyasi.

#41 SeliMoja
@MtiMkavu umebadilisha vitu vinne kwa mpigo, hakuna atakayejua kilichofanya kazi. Ila kuna kitu kimoja tunaweza kukisema: kama matumba hayo yatafunguka na hujasogea kwenye msimu mpya, habari ya kurudi kwenye Van Fleet inakuwa ngumu kuitetea.

#42 Tumba
Ngumu kwa tawi hilo. Kugeuka kunaanza kwenye tawi. Sehemu moja ya mmea inaweza kuwa New Dawn na nyingine ni bibi. Mleta mada, yale mengine yanayopaa yaliyosimama yatie alama ya uzi, yale yasiyotoa kitu msimu mzima baada ya kulazwa, hayo ndiyo ya kutilia shaka.

#43 Mpogoaji
Hiyo ya alama ya uzi naiunga mkono, hata kama sikubaliani na sababu yake. Na @MtiMkavu usiongeze la tano. Acha lipumue.

#44 Jirani_wa_Nne
Na udongo je, ulichimba?

#45 MtiMkavu
Nilichimba. Juu unyevu, kiasi cha kiganja chini ni vumbi.

#46 Jirani_wa_Nne
😀 Sisemi kitu.

#47 Kipepeo77
Kwa kuwa wataalamu mpo: Iceberg langu limeanza kutoa maua yenye rangi ya waridi, wakati ni jeupe. Nalo linageuka?

#48 BibiMiiba
Inategemea waridi hiyo imekaaje. Kama petali zimeingia rangi hiyo kidogo kwa ujumla, hasa kwenye tumba, na siku hizi kwenu ni za ubaridi, ni tabia yake, joto likirudi litakuwa jeupe. Kama ni vidoadoa vya mviringo vya waridi juu ya petali baada ya mvua, hiyo ni kuvu ya Botrytis, ondoa maua hayo na usimwagilie kwa juu. Kama ni tawi moja tu na kila ua lake limekolea msimu mzima, hapo muulize Tumba, maana yapo ma-Iceberg ya waridi yaliyopatikana kwa njia hiyo hiyo.

#49 Kipepeo77
Vidoadoa vya mviringo. Asante bibi.

#50 Tumba
Karibu nipate tawi langu.